Marahaba ya Bi Kifungo

Ujumbe uliingia nikiwa na pini nne mdomoni, na mteja amesimama mbele yangu amevaa blauzi yenye mkono mmoja. Simu ilikuwa juu ya meza ya kukatia, kwa hiyo niliusoma bila kuigusa.

"Shikamoo Mama. Nisamehe kukusumbua saa za kazi. Nina ombi kubwa, na likiwa zito usione vibaya kunikatalia. Nataka kwenda nyumbani kwao Mwenyeji kujitambulisha. Shangazi amegoma. Anasema hawezi kumfuata msichana niliyemwokota mtandaoni, asiyejulikana na mtu mzima hata mmoja. Nikamwambia yupo mtu mzima anayemjua vizuri, na mtu huyo ni wewe. Amekubali, ila kwanza akuone muongee. Jumapili saa nne asubuhi, ukiweza. Na mimi nina sababu yangu nyingine ya kutaka uje. Mama yangu hayupo, kama unavyojua. Siku ya kwenda kwao ningependa wewe uketi pale ambapo angeketi yeye."

Nilibakiza kidogo tu nimeze pini.

"Kuna msiba?" mteja akauliza.

"Hapana."

"Huo uso ni wa msiba."

Nikazitema pini kiganjani, nikamwambia nimekumbuka kitu, nikaendelea kumpima. Kwapa lake nililiandikia sentimita ambazo hakuna binadamu anazo. Alipoondoka nikageuza kibao cha mlangoni kikasoma "Pamefungwa", nikakaa chini kwenye vipande vya vitambaa.

Mwenyeji ni mimi. Hilo ndilo jina alilonibatiza Fundi, kwa kuwa mimi ndiye niliyejenga jukwaa la washonaji tulilokutania. Yeye ni fundi wa kutengeneza vyerehani, na ni mwanamume ninayempenda kuliko nilivyopanga. Bi Kifungo, yule mama wa miaka sitini na mbili, mjane, mshonaji wa sare za shule, mwenye mguu unaouma na maneno ya polepole, ni mimi pia.

Nalisema hivyohivyo bila kulizungusha, maana nimelizungusha vya kutosha.

Jukwaa nililianzisha kwa hasira. Nilikuwa kwenye makundi manne ya simu ya washonaji, na kila wiki mtu yuleyule aliuliza swali lilelile la zipu, akajibiwa, na jibu likazikwa chini ya picha za maua na salamu za asubuhi. Nikasema nitajenga mahali ambapo jibu likiwekwa linakaa. Nilijifunza kati ya mteja na mteja, kwenye kompyuta ya mtumba iliyong'oka vitufe viwili. Nikaligawa vyumba vitatu: Mashine, Mishono na Wateja. Hicho cha tatu kilikuwa cha kusemea yale tusiyoweza kuwaambia wateja usoni, na ndicho kinachojaa hadi leo. Mara ya kwanza niliweka maandishi ya njano juu ya weupe, dada yangu akaniuliza kama nataka watu wasome au wapofuke. Nikabadilisha rangi, nikakuza herufi, nikaweka kitufe kimoja tu chini ya kila jibu, kimeandikwa "Imenisaidia". Juu kabisa ya ukurasa nikaandika sheria, moja tu: "Usimfundishe mwenzio usichokifanya kwa mikono yako."

Nikafungua mlango, nikasubiri. Waliingia watu saba, Dada akiwemo, na hakuna aliyesema neno. Nani anataka kuwa wa kwanza kuongea kwenye chumba kitupu? Walichungulia, wakaona kimya, wakaondoka zao. Siku ya kumi na tisa nikachoka, nikaunda watu watatu. Mkasi Butu alikuwa mbishi. Mwanagenzi aliuliza hata yasiyoulizwa. Bi Kifungo alikuwa mama wa watu. Niliwagombanisha wale wawili siku mbili nzima kuhusu mifuko ya suruali, mimi nikiwa pande zote mbili, na bado nikakasirika kweli. Watu wa kweli wakaona kuna ugomvi, wakaingilia. Tukafika hamsini. Tukafika mia. Wiki ile ya ujumbe tulikuwa mia tatu na arobaini.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba tukifika hamsini nitawaondoa wote watatu. Mkasi Butu aliaga akasema amepata kazi kiwandani. Mwanagenzi aliolewa. Bi Kifungo ndiye aliyenishinda kumwondoa, na sababu ni kwamba kuna mtu alikuwa amempenda.

Bi Kifungo aliwahi kuuliza kwa nini cherehani yake inaruka mishono. Swali la kubuni, nilishalijua jibu. Fundi, aliyejiunga siku hiyohiyo, alimjibu kwa picha kumi na moja, kila moja ameichorea mshale mwekundu, na mwishoni akaandika, "Mama, usiiname na mguu huo, mwite jirani akuinamie." Nikasoma mara tatu. Baada ya wiki mbili akamwandikia kwa faragha kumjulia hali. Baada ya mwezi akamwambia habari za mama yake, naye alikuwa mshonaji, aliyefariki mwaka uliotangulia. Mimi nikajibu. Mtu anakuletea kilio chake mlangoni, utamwambia umekosea nyumba? Nilipaswa kumwambia hivyo. Sikumwambia.

Baadaye nikaharibu cherehani yangu kwa makusudi ili nimwite aje kuitengeneza. Hilo sioni aibu kulisema, wasichana wamefanya makubwa zaidi. Akaja, akacheka, akasema mkanda umekatwa kwa mkasi. Tukaanza hivyo. Lakini jioni alikuwa bado anamwandikia Bi Kifungo, sasa kuhusu mimi, na asubuhi mimi nilikuwa najua la kusema. Akimwambia Bi Kifungo kwamba nimemkwaza, kesho yake nilikuwa mlangoni kwake kuomba radhi kabla hajafungua kinywa. Akimwambia kwamba hapendi kuonewa huruma mbele za watu, sikumwonea. Naye alishangaa. "Unanijua hata sijajieleza," alikuwa akisema, huku amenishika vidole na kunitazama kama mtu aliyeokota kitu na anaogopa mwenyewe atatokea. Mimi nilitazama chini, akadhani ni haya za kike.

Na kila siku, kwa mwaka mmoja na miezi miwili, nimepokea shikamoo ya mwanamume aliyenizidi miaka sita. Kila siku nikamjibu, "Marahaba, mwanangu." Ukitaka kujua nilivyojisikia siku ile nimekaa kwenye vipande vya vitambaa, anzia hapo.

Dada yangu ni msusi. Chumba chake kinapakana na changu, na ukuta ulio kati yetu hauzuii kitu. Aliingia bila kubisha, kitana kimechomekwa kichwani.

"Umefunga saa tano asubuhi. Nani amekufa?"

Nikampa simu. Akasoma, midomo ikitembea. Akasoma tena.

"Si ulisema ulishamwondoa huyu bibi?"

"Nilisema."

"We mtoto!" Akakaa kwenye kiti cha wateja. Halafu nikaona macho yake yanaanza kucheza, nikajua anapika kitu. "Sasa sikiliza. Mimi nitakuwa Bi Kifungo."

"Dada."

"Ngoja." Akavuta kipande cha kitambaa sakafuni, akajifunga kichwani, akapinda mgongo na kukohoa. "Marahaba, mwanangu. Aa, mguu huu, mguu huu utaniua. Huyo binti? Ni dhahabu, mwanangu. Mchukueni haraka."

Nilicheka. Naona aibu kusema, lakini nilicheka mpaka machozi, kwa sababu sauti ilikuwa hasa ile niliyokuwa nikiisikia kichwani nikiandika.

"Shangazi anataka kumwona kwa macho," nikasema.

"Bi Kifungo anaumwa mguu. Wataongea kwa simu."

"Na siku ya kwenda nyumbani?"

"Mguu."

"Na harusini?"

"Mguu umezidi."

"Na tukipata mtoto, Dada? Atataka kumpeleka akamwone."

Dada akavua kitambaa kichwani, akafikiri. "Basi afe," akasema. "Tumuue. Kistaarabu tu, alale asiamke. Unamwandikia ujumbe kama binti yake, unasema mama ametutoka, tumeshazika. Imekwisha."

Niliona jinsi ambavyo ingekwisha. Ilikuwa rahisi kabisa, mistari minne ya maandishi. Niliona pia uso wa Fundi akisoma mistari hiyo.

"Atalia," nikasema.

"Atalia kidogo, atapoa."

"Ameshamzika mama yake mara moja, Dada. Na huyu nimzike mimi, halafu nimfute machozi mimi?"

Dada alikunjakunja kile kitambaa, akakirudisha sakafuni pale alipokitoa, akakilainisha kwa mkono. "Basi nenda ukamwambie," akasema hatimaye. "Ila vaa vizuri. Mtu asikuache huku umevaa hiyo."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Karakana ya Fundi ni chumba kirefu chenye dirisha moja, vichwa vya vyerehani vimepangwa kwenye rafu kuanzia mlangoni, kila kimoja kimefungwa karatasi yenye jina la mwenyewe na ugonjwa wake: "anakata uzi", "amekwama", "anapiga kelele". Alikuwa ameinama kwenye meza. Aliponiona alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, kama afanyavyo kila mara kabla ya kunigusa.

"Mwenyeji! Umekuja wakati wake. Njoo uone kitu, lakini usimwambie."

"Nisimwambie nani?"

"Bi Kifungo."

Akavuta shuka. Chini yake kulikuwa na cherehani nyeusi ya zamani, ya kukanyaga, yenye maua ya dhahabu ubavuni. Upande wa kulia maua yalikuwa yamefutika, pale ambapo mkono wa mtu ulitulia miaka mingi.

"Ya mama," akasema. "Nimeikarabati yote. Ile ya Bi Kifungo inaruka mishono tangu siku ya kwanza, nimejaribu kuitibu kwa picha nimeshindwa. Hii haitamsumbua. Na tazama hapa." Akachuchumaa. "Kanyagio nimelishusha. Si alisema mguu haupandi? Nimepima, nimekata chuma, nimeshusha vidole vitatu. Atakanyaga bila kuinua goti."

Nilitazama lile kanyagio. Chuma kilikuwa kimekatwa na kusuguliwa mpaka kinang'aa, kwa ajili ya mguu nilioubuni Jumanne moja ili bibi aonekane bibi.

"Amekujibu?" nikauliza, kwa sababu mimi ni mwoga.

"Bado. Siku mbili sasa. Si kawaida yake, huwa hakai hata saa moja." Akasimama, akanitazama vizuri. "Mbona umevaa hivyo? Unakwenda wapi?"

"Fundi, Bi Kifungo hayupo."

"Amesafiri?"

"Hayupo."

Tambara likamdondoka. Akashika ukingo wa meza.

"Amefariki," akasema. Hakuniuliza, aliniambia.

Nieleweke hapa. Alikuwa amenipa mwenyewe ule uongo wa Dada, umekamilika, sina hata haja ya kuandika mistari minne. Neno moja tu. Nilifungua mdomo, na sijui kwa nusu dakika ile ningesema nini. Kisha akasema, "Jamani, hata sijawahi kumshika mkono," na hapo sikuweza tena.

"Hakufa. Hakuwahi kuwepo. Ni mimi, Fundi. Bi Kifungo ni mimi."

Alicheka kidogo, kama mtu anayengoja umalize utani.

"Acha masihara."

"Jukwaa lilikuwa tupu. Watu wanakuja hawaongei. Nikatunga watu watatu wa kuanzisha mazungumzo, na yeye alikuwa mmojawapo. Nilitaka kumwondoa. Halafu ukaanza kumwandikia."

"Wewe."

"Mimi."

"Niambie kitu nilichomwambia yeye tu."

"Usinitume huko."

"Niambie!"

Nikamwambia. Nilimwambia nikitazama maua yaliyofutika. "Siku aliyofariki mama yako alikupigia simu mara tatu. Ulikuwa umelala chini ya mashine, mikono ina mafuta. Ukasema utampigia ukishanawa."

Fundi alikaa taratibu kwenye kigoda, kama mzee.

"Na yeye akanijibu nini?" akauliza.

"Kwamba mama hahesabu simu zisizopokelewa."

"Mama hahesabu simu zisizopokelewa, mwanangu," akarudia, akiongeza lile neno la mwisho nililoliruka. "Nimetembea na maneno hayo mwaka mzima. Siku ile ndiyo ya kwanza nililala tangu msiba. Nilijua yeye ni mama, ana watoto, anajua anachosema. Wewe una mtoto?"

"Sina."

"Umewahi kuwa mama wa mtu?"

"Hapana."

"Ulijuaje kwamba hahesabu?"

Sikujua. Sijui hadi leo. Nilikuwa nimeandika kilichoonekana kinafaa, nikisikia uchungu wake nikitaka umtoke. Sheria yangu mwenyewe ilikuwa juu ya ukurasa ule aliouandikia, kwa herufi nilizozikuza mimi.

"Nilipoyaandika hayo, ulilia?" akauliza.

"Nililia sana."

"Ulilia kama nani?"

Nilitamani aninyooshee kidole, anitukane, atupe kitu. Fundi hana tabia hiyo. Alikuwa anaokota mambo, moja baada ya jingine, na kuyatazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Ile asubuhi uliyokuja kuomba radhi," akasema. "Nilikuwa nimemwambia yeye. Na ile siku ya kumkumbuka mama, ulipokuja ukakaa nami kimya, hukuniambia pole hata moja. Nilimwambia yeye kwamba pole zinanichosha. Nikaenda kwa Shangazi kifua mbele. Nikamwambia, Shangazi, huyu ananijua hata sijafungua mdomo. Kumbe nilikuwa nimeufungua."

"Nakupenda, Fundi."

"Nani anayesema?"

"Mimi. Mimi mwenyewe."

"Ndiyo ujue ninavyoumia. Sina namna ya kujua. Nilikuwa namwamkia kila siku. Kabla sijamwamkia hata Shangazi aliyenilea. Nilikuwa nasema, ngoja nimwamkie Mama kwanza. Na wewe unapokea."

"Nilipokea."

"Unapokea, halafu mchana unakuja hapa unaniita Fundi na kunichekea."

Nikapiga magoti. Nikashika lile kanyagio kwa sababu sikuthubutu kumshika yeye, na nikamwambia nisamehe, nisamehe, mpaka neno likaisha maana. Aliinuka, akaokota shuka, akaifunika cherehani ya mama yake vizuri, pembe zote nne.

"Nenda, Mwenyeji," akasema amenipa mgongo. "Nenda kabla sijasema neno nikalijutia. Inatosha mmoja wetu."

Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu. Njiani kila mwanamke mtu mzima niliyepishana naye nilimwamkia, hata wasionijua, na kila marahaba ilinichoma.

Mchana ule nilikaa mbele ya kompyuta na kufungua mada mpya, kwa jina langu, juu kabisa ambapo kila anayeingia ataiona. Niliandika kwamba Mkasi Butu, Mwanagenzi na Bi Kifungo hawakuwahi kuwepo. Niliandika kwa nini niliwatunga, na kwamba sababu hiyo haitoshi. Niliandika kwamba nimevunja sheria niliyoiweka mwenyewe, na kwamba kuna mtu mmoja nimemwumiza kwa namna ambayo sitaieleza hapa kwa kuwa si yangu kuieleza. Dada alisimama nyuma yangu akisoma. "Usibembeleze," akasema. "Futa hiyo sentensi ya 'ninawaomba mnielewe'." Nikaifuta. Nikabonyeza.

Wakanishukia. Mshonaji mmoja wa mapazia aliandika, "Kwa hiyo ule ugomvi wa mifuko, niliokosa hadi usingizi, nilikuwa nagombana na wewe?" Mwingine, mama wa makamo ninayemheshimu sana, aliandika tu, "Nilikuwa namwombea dua yule mwenye mguu." Hilo nililisoma nikaenda kusimama uani. Wapo waliosema hayawahusu, wao wanataka jibu la zipu. Wanachama sitini na mmoja waliondoka siku tatu za mwanzo, niliwaona wakipungua. Sikufunga mada, wala sikumfuta mtu hata aliyenitukana.

Jukwaa linaonyesha nani amesoma. Nilikuwa nimejivunia sana kipengele hicho nilipokitengeneza. Jina la Fundi lilitokea pale Jumamosi ileile. Alisoma, hakuandika neno. Jumapili saa nne asubuhi nilikaa nikiitazama saa mpaka ikawa saa tano. Jumatatu sikuthubutu kumpigia. Jumanne nilipita njia ya mbali ili nisipite mbele ya karakana, halafu nikaona aibu ya kukwepa, nikarudi nikapita. Mlango ulikuwa wazi, sikugeuza shingo.

Alhamisi, saa nne hivi, mlango wangu ulifunguliwa akaingia mama mmoja mrefu amebeba kitambaa cha kijani kwapani. Sikuwahi kumwona, lakini nyusi zile nilizijua. Zilikuwa za Fundi, zimewekwa kwenye uso mkali zaidi.

Nikasimama wima, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Shikamoo, Shangazi."

Hakuitikia.

Alitazama chumba. Alitazama cherehani yangu, meza, vipande sakafuni, kompyuta yenye vitufe viwili vilivyong'oka. Salamu yangu ilibaki hewani, na kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kuwa mdogo.

"Nimeleta kitambaa," akasema mwishowe. "Nataka gauni. Nipime."

Nikampima. Mabega, kifua, kiuno. Nikarudia kila kipimo mara mbili. Alinyoosha mikono na kuongea akitazama ukuta.

"Mpwa wangu hali vizuri. Anapaka mafuta mashine alizozipaka jana. Nimemuuliza kulikoni na Bi Kifungo wake, kimya. Nikamuuliza msichana je, kimya. Basi nikamwomba mtoto wa jirani aniingize huko kwenu. Nimejisajili. Nimeandika jina langu lote, la baba na la babu, sikuficha kitu."

"Nimekuona," nikasema kwa shida. Asubuhi ile kulikuwa na mwanachama mpya mmoja mwenye jina refu, nilidhani ni mzaha.

"Nimesoma yote. Ulivyojianika pale nimesoma, na walivyokusema nimesoma. Hukumtaja."

"Si yangu kuyataja, Shangazi."

"Kama ungemtaja, nisingekuja." Akashusha mikono. "Sasa usidhani nimekuja kukusamehe. Mimi sina cha kukusamehe, si shikamoo yangu uliyoipokea kwa uongo. Nimesoma pale juu kuna sheria yako, ile ya mikono. Nikasema, ngoja. Maneno ya huyu binti ni matamu, tumeshayaona yanavyofanya kazi. Nataka kuona kitu alichokifanya kwa mikono yake, na nikivae, na kikinibana nijue wa kumlaumu ni nani."

"Gauni la namna gani?" nikauliza. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye daftari la vipimo, nikayafuta kwa kiganja, wino ukasambaa, ikabidi nimpime kiuno tena.

"La kawaida. Lisiwe na mbwembwe. Lini?"

"Jumanne ijayo."

"Jumanne nina shughuli zangu. Atakuja yeye kulichukua." Akajishughulisha na kufunga mkoba wake. "Hajui bado. Nitamwambia siku yenyewe, aje akwambie mwenyewe analotaka kukwambia. Likiwa baya utalipokea?"

"Nitalipokea."

"Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu, Shangazi."

Akatikisa kichwa mara moja, si kwa kukubali, kama mtu aliyekagua mshono na kuona bado haujafumuka. Akaenda mlangoni. Nilibaki nimeshika kile kitambaa cha kijani kwa mikono miwili, sijui nimsindikize au nikae palepale. Akiwa ameshika kitasa, mguu mmoja nje, aligeuka akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Marahaba," akasema.